Kumfundisha Mwanafunzi wa Tiba Kutazama Damu Bila Kuzirai

Utangulizi

Miongoni mwa mambo ambayo wakufunzi wa vyuo vya uuguzi, utabibu na tiba ya meno hukutana nayo kila mwaka, lakini ambayo ni nadra kuandikwa katika azimio la kazi, ni lile la mwanafunzi anayepauka midomo, anayetokwa na jasho la baridi, na pengine kuanguka sakafuni siku ya kwanza anapopelekwa kutazama jino liking'olewa au jipu likipasuliwa. Jambo hili huchukuliwa kuwa la kupita tu. Wenzake hucheka, mtu mmoja humpepea kwa daftari, na kesho yake kazi huendelea kama kwamba hapakutokea neno.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba suala hili ni la mbinu za kufundishia, na kwamba lina dawa yake. Hatuliandiki kwa sababu ya fedheha ya mwanafunzi peke yake. Mwanafunzi asiyesaidiwa hufuata mojawapo ya njia mbili. Wa kwanza huacha masomo, na taifa hupoteza mhudumu. Wa pili hujifunza kujificha: husimama nyuma ya wenzake, hufumba macho wakati wa kukata, kisha hupeleka daftari lake la mazoezi ya vitendo litiwe sahihi kwa mambo ambayo hakuyaona. Huyu wa pili ndiye wa kuogopwa zaidi. Siku moja atakuwa peke yake katika zahanati ya mbali, usiku, mbele ya mama anayevuja damu, na hapo hapatakuwa na mtu wa kusimama nyuma yake.

Mfano kutoka historia

Mwaka 1825 kijana wa miaka 16, Charles Darwin, alipelekwa na baba yake, aliyekuwa daktari, kusomea uganga katika mji wa Edinburgh. Zama hizo dawa ya usingizi ilikuwa bado haijaanza kutumika katika upasuaji. William Morton, mganga wa meno, aliionyesha etha hadharani mjini Boston mwaka 1846, na klorofomu ilianza kutumiwa na James Young Simpson huko huko Edinburgh mwaka 1847. Kwa hiyo mgonjwa alikatwa akiwa macho. Darwin alihudhuria upasuaji mara mbili, mmoja ukiwa wa mtoto, na mara zote mbili alitoka mbio kabla kazi haijamalizika. Hakurudi tena. Mwaka 1827 aliuacha uganga kabisa.

Watu wengi huikumbuka habari hii kwa sababu kijana huyo baadaye alikuja kuwa mwanasayansi mashuhuri. Sisi walimu tuikumbuke kwa sababu nyingine. Katika kumbukumbu za maisha yake, alizoziandika uzeeni, Darwin alisikitika kwamba hakuna aliyemhimiza kufanya mazoezi ya kupasua maiti wakati wa masomo yake, kwani aliamini kuwa kinyaa chake kingekwisha upesi, na ustadi huo ungemfaa katika kazi zake zote za baadaye. Maneno hayo yanatuhusu. Hakulalamika kwamba moyo wake ulikuwa dhaifu. Alilalamika kwamba hakupata mwalimu wa kumwongoza hatua kwa hatua.

Mambo matatu yanayofanana

Kabla ya kutoa dawa yafaa kuujua ugonjwa. Mwanafunzi anaposema, “Siwezi kutazama,” huenda ana moja kati ya mambo matatu, na kila moja lina njia yake.

La kwanza ni kuzirai kwenyewe. Mwili unapoona damu au jeraha, mapigo ya moyo na shinikizo la damu kwanza hupanda. Kisha, kwa watu wengine, mambo hugeuka ghafla: neva ya vagasi hupunguza mapigo ya moyo, mishipa ya damu hutanuka, damu hubaki miguuni, na shinikizo hushuka. Ubongo ukikosa damu ya kutosha mtu huona giza, masikio huvuma, na huanguka. Daktari Thomas Lewis wa London ndiye aliyelipa tukio hili jina linalounganisha mishipa na neva hiyo, mwaka 1932. Jambo la kuzingatia ni kwamba hili ni tendo la mwili, na nia ya mtu peke yake haiwezi kuliamuru likome. Askari shupavu huzirai kwa kuchomwa sindano, na mtoto wa mchinjaji, aliyezoea kuona ng'ombe akichinjwa tangu utotoni, huweza kuzirai kwa kuona jino la binadamu mwenzake likitoka.

La pili ni kinyaa. Hapa tumbo ndilo linalosumbuka: mate hujaa mdomoni, kichefuchefu huja, na mwanafunzi hutaka kutapika. Mara nyingi kinyaa huletwa na pua kuliko macho. Usaha wa jipu la jino, kidonda kilichooza, moshi wa nyama inayounguzwa na chombo cha umeme cha kuzuia damu, na harufu ya fomalini katika chumba cha maiti ni mambo yanayowashinda hata wale wasioogopa damu hata kidogo.

La tatu ni huruma iliyozidi kipimo. Mwanafunzi hajali damu wala harufu. Kinachomwangusha ni uso wa mgonjwa. Anapomwona mtoto analia kwenye kiti cha meno, yeye hujiona ndiye aliyeketi hapo. Mwanafunzi huyu huweza kutazama upasuaji mkubwa wa mgonjwa aliyelala usingizi, kisha akashindwa kutazama mshono mdogo wa mgonjwa aliye macho. Wakufunzi wasioijua tofauti hii humwona kuwa ni mtu wa kujifanya.

Ushauri ambao haufai

Yapo mazoea matatu ambayo yafaa kuachwa.

Zoea la kwanza ni la kumtahayarisha mwanafunzi. Wengine hudhani kwamba chumba cha upasuaji ni kama jando, ambako asiyevumilia huaibishwa mpaka avumilie. Aibu haiongezi damu kichwani. Humfundisha mwanafunzi kuficha dalili zake, naye huendelea kusimama mpaka aanguke, pengine juu ya meza ya vifaa vilivyotakaswa. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Chuo kinachowafundisha wanafunzi kuficha dalili kinawafundisha kinyume cha kazi yao.

Zoea la pili ni la kumtosa kwenye kina kirefu siku ya kwanza: mwanafunzi ambaye hajapata kuona hata kidonda kikisafishwa hupelekwa moja kwa moja kutazama mguu ukikatwa. Wachache huogelea, wengi humeza maji.

Zoea la tatu ni la wema, lakini lina hatari. Ni kumwambia mwanafunzi, “Legea, vuta pumzi kwa nguvu.” Kulegeza mwili ni tiba nzuri kwa aina nyingi za hofu. Daktari Joseph Wolpe wa Afrika Kusini aliieleza kwa kirefu katika kitabu alichokitoa mwaka 1958. Lakini mtu anayetaka kuzirai tayari shinikizo lake la damu linashuka, na kulegea huweza kulishusha zaidi. Kupumua kwa haraka na kwa nguvu nako huipunguza hewa ya kaboni katika damu, mishipa ya ubongo husinyaa, na kizunguzungu huzidi.

Zoezi la kukaza misuli

Kwa anayezirai njia iliyo bora ni kinyume cha kulegea. Mtaalamu wa saikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, pamoja na mwenzake, walieleza mwaka 1987 namna ya kuwafundisha watu wanaoogopa damu kukaza misuli ili kulipandisha shinikizo linaloshuka. Zoezi hili halihitaji zana yoyote, na lafaa kufundishwa darasani kwa wanafunzi wote, si kwa waoga tu. Hatua zake ni hizi:

(a) Mwanafunzi aketi vizuri kitini. Akaze misuli ya mikono, ya miguu na ya kiwiliwili kwa pamoja, huku akiendelea kupumua kama kawaida.

(b) Aendelee kukaza kwa muda wa nukta 10 hadi 15, mpaka ahisi joto usoni. Joto hilo ndiyo dalili kwamba damu inapanda.

(c) Aache kukaza kwa nukta 20 hadi 30, lakini asilegee kabisa. Arudi tu katika hali ya kawaida.

(d) Arudie mara 5. Zoezi zima lifanywe mara kadhaa kwa siku, kwa muda wa wiki moja, kabla ya siku ya kwenda kutazama.

Baadaye ajifunze kulifanya akiwa amesimama, kwa kupishanisha miguu na kubana mapaja, pasipo mtu wa pembeni kutambua. Mwanafunzi mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye shinikizo la juu la damu, au aliye mjamzito, apate kwanza ushauri wa daktari.

Kwa mwenye kinyaa zoezi hili halitoshi. Yeye asaidiwe kwa kuzoezwa harufu kidogo kidogo, kwa kupumua kupitia mdomoni, na kwa kupaka dawa yenye mnanaa ndani ya barakoa, kama wafanyavyo wauguzi wengi. Na kwa yule wa huruma, dawa iliyo kubwa ni kupewa kazi. Ashike mkono wa mgonjwa, amwelekezee taa mganga, ahesabu mapigo ya moyo, au aandike saa ya kila tendo. Mtu aliyekaa bure mbele ya maumivu huyameza yote. Mtu mwenye kazi ya kumfaa mgonjwa huigeuza huruma yake kuwa huduma.

Kupanga mazoezi kwa ngazi

Haba na haba hujaza kibaba. Mkufunzi aandae ngazi ya mambo ya kutazama, kuanzia lililo jepesi hadi lililo zito, na mwanafunzi asipande kipandio kipya kabla hajaweza kusimama imara juu ya kile alichopo. Kwa chuo cha tiba ya meno tunapendekeza ngazi ifuatayo:

1. Picha na michoro ya kinywa, kisha meno yaliyokwisha kung'olewa na kutakaswa. Mwanafunzi ayashike, ayapime, na achore mizizi yake.

2. Ukaguzi wa kinywa cha mwanafunzi mwenzake kwa kioo kidogo.

3. Kuziba jino kwa zana za mkono tu, bila mashine wala sindano. Tiba hii, ambayo ilianza kufanyiwa majaribio hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, huondoa sehemu iliyooza kwa zana za mkono na kuijaza kwa dawa inayogandamana na jino. Kwa kuwa haina kelele na kwa kawaida haina damu, ni mlango mwema wa kumwingiza mwanafunzi katika kutazama tiba ya kweli.

4. Kuchoma sindano ya ganzi. Wengi hushindwa hapa kuliko penye damu, hivyo kipandio hiki kipewe siku yake.

5. Kung'oa jino linalotikisika, kisha jino lililo imara.

6. Kupasua jipu la jino, na kushona fizi.

Chuo cha uuguzi kitatengeneza ngazi yake: kufunga bendeji, kusafisha kidonda kikavu, kuchoma sindano, kusafisha kidonda chenye usaha, kushona, kuzalisha, na mwisho chumba cha upasuaji.

Mfano wa andalio la somo

Somo: Kutazama jino liking'olewa kwa mara ya kwanza.

Wanafunzi: 3 kwa wakati mmoja, wakizidi, nafasi ya kukaa hukosekana.

Shabaha: Mwisho wa somo mwanafunzi aweze (i) kutaja kwa mpangilio matendo aliyoyaona, (ii) kuzitambua dalili za kuzirai mwilini mwake mapema, (iii) kuonyesha la kufanya dalili hizo zinapomjia.

Zana: Viti au mabenchi kando ya ukuta, maji ya kunywa, daftari, meno ya mfano, koleo la kung'olea.

Maandalizi: Mwanafunzi awe amekula na kunywa maji ya kutosha. Kunywa kiasi cha nusu lita muda mfupi kabla ya kuanza husaidia kulishikilia shinikizo la damu. Katika mwezi wa Ramadhani, wanafunzi wanaofunga wapangiwe saa za asubuhi mapema, au ratiba yao isogezwe mpaka baada ya Idi. Madirisha yafunguliwe. Mgonjwa aelezwe kwamba wanafunzi watakuwapo, na aombwe idhini, anayekataa aheshimiwe.

Hatua ya kwanza (dakika 15): Mkufunzi aeleze tendo zima kwa kutumia meno ya mfano. Aseme waziwazi watakachokiona, watakachokisikia na watakachokinusa: mlio wa mfupa unaoachia jino, mate yenye damu, harufu ya dawa. Jambo lililotajwa hupunguza nguvu zake za kushtua. Aseme pia kwamba damu kidogo ikichanganyika na mate mengi huonekana kama imejaa kikombe.

Hatua ya pili (dakika 5): Wanafunzi wafanye zoezi la kukaza misuli, na kila mmoja aonyeshwe kiti chake. Mkufunzi atamke hivi: “Ukihisi joto la ghafla, jasho, miayo, masikio kuvuma au macho kufifia, keti mara moja. Huhitaji ruhusa. Anayeketi mapema amefanya vema.”

Hatua ya tatu (dakika 20): Kutazama. Wanafunzi wasisimame wameganda na magoti yamekazwa nyuma. Wabadilishe miguu na kupandisha visigino mara kwa mara, maana misuli ya ndama ndiyo inayosukuma damu kurudi juu. Kila mmoja awe na kazi. Anayezidiwa aelekeze macho kwenye mikono ya mganga badala ya uso wa mgonjwa, au atazame mbali kwa muda kisha arejee. Kurejea ni muhimu, kwa sababu anayekimbia hofu ikiwa kileleni huondoka nayo, na aliyebaki mpaka ipungue huiacha pale pale.

Hatua ya nne (dakika 15): Mazungumzo nje ya chumba, mbali na mgonjwa. Kila mwanafunzi aeleze alichokiona, kisha alichokihisi.

Tathmini: Mkufunzi asipime ujasiri. Apime usahihi wa maelezo ya tendo, na uaminifu wa mwanafunzi katika kueleza hali yake. Mwanafunzi aliyeketi mara mbili na kurejea mara mbili ametimiza shabaha. Aliyesimama muda wote akiwa amefumba macho hajaitimiza.

Mwanafunzi akizirai

Hata kwa matayarisho mema baadhi yao watazirai. Anayeanza kuyumba asiachwe atoke peke yake, kwani wengi huanguka ukumbini wakapasuka kichwa kwenye saruji. Ateleze na kuketi palepale ukutani, mbali na mgonjwa na vifaa. Akizirai, alazwe chali na miguu iinuliwe; asiinuliwe kuketishwa wala kusimamishwa kwa haraka. Asinyweshwe kitu mpaka fahamu zimrudie sawasawa. Kwa kawaida fahamu hurudi baada ya muda usiozidi dakika moja au mbili.

Mganga anayemhudumia mgonjwa asiache kazi yake. Kuwepo mtu mwingine aliyepangwa tangu mwanzo kumwangalia mwanafunzi. Na mgonjwa aambiwe neno la kumtuliza, maana akimwona mwanafunzi ameanguka hudhani kuna jambo baya lililoonekana kinywani mwake.

Siku hiyo hiyo mkufunzi azungumze na mwanafunzi faraghani, na zoezi lirudiwe baada ya siku chache kwenye kipandio cha chini yake. Wiki nyingi zikipita, hofu hukomaa. Lakini anayezirai bila kuona damu, anayezirai akikimbia au akifanya kazi nzito, anayehisi maumivu ya kifua, au anayechelewa kurudiwa na fahamu, apelekwe kwa daktari. Huenda ana malaria, upungufu wa damu, au ugonjwa wa moyo, na kumhesabu kuwa mwoga ni kumdhulumu.

Je, moyo hautakuwa mgumu?

Baadhi ya wanafunzi huogopa jambo jingine, nao huwa ni wale walio wema kuliko wote. Husema: “Nikizoea damu, je, sitakuwa kama yule mhudumu asiyejali mgonjwa anapolia?” Swali hili lina haki ya kujibiwa.

Jibu letu ni kwamba kuzoea na kutojali ni mambo mawili. Mwanafunzi anayepigana na kichefuchefu chake hana nafasi ya kumfikiria mgonjwa. Mawazo yake yote yamo tumboni mwake mwenyewe. Ni pale mwili wake unapotulia ndipo anapoweza kuona kwamba mgonjwa ameshika mkono wa kiti kwa nguvu, kwamba ganzi haijashika vizuri, kwamba anataka kuuliza neno lakini mdomo umejaa pamba. Tunamzoeza mwanafunzi damu ili apate kumwona mtu. Kwa sababu hiyo yale mazungumzo ya hatua ya nne yasiachwe kamwe, na kila mara liwemo swali hili: “Mgonjwa alikuwa katika hali gani, nawe umeijuaje?” Mwanafunzi anayejibu swali hilo vizuri moyo wake haujawa mgumu.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba kuzirai, kinyaa na huruma iliyozidi ni mambo matatu yanayohitaji njia tatu. Kwamba aibu, kutoswa ghafla na ushauri wa kulegea havimfai anayezirai. Na kwamba ngazi iliyopangwa vizuri, zoezi la kukaza misuli, kiti kando ya ukuta na kazi ya mkononi vinaweza kumvusha mwanafunzi wa kawaida. Vitu hivi havihitaji fedha za kigeni wala mitambo. Vinahitaji vipindi viwili katika azimio la kazi, kabla ya mwanafunzi kuvuka kizingiti cha chumba cha tiba.

Tunawaomba wakufunzi wenzetu wavitenge vipindi hivyo mwanzoni mwa muhula ujao, na wayapekue tena madaftari ya mazoezi ya vitendo wakijiuliza, kwa kila sahihi iliyomo, kama aliyetiwa sahihi hiyo alikuwa amefumbua macho.